Siti binti Saad, Muuza Vyungu wa Fumba

Bwana Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, ili wanafunzi wa sasa wapate kusoma, na sisi tuliosoma hapa zamani tupate kukumbuka. Najua kuwa wengi walioandika kabla yangu katika kurasa hizi walichagua wafalme, majemadari na wavumbuzi wa nchi. Mimi namchagua mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza vyungu. Sababu zangu nitazieleza mahali pake, na moja katika hizo si ya kujivunia.

Wenzangu wa darasa walio hai watakumbuka gramafoni niliyopenda kuitaja tulipokuwa tukikaa nje ya bweni jioni, huku mwamba wa Tororo ukigeuka mweusi mbele yetu. Gramafoni ile ilikuwa mali ya babu yangu mzaa baba. Alikuwa mfanya kazi wa reli huko Mombasa kwa miaka mingi, na aliporudi kwetu Busia alikuja na baisikeli, koti zito ambalo hakulivaa hata siku moja kwa sababu ya joto, na sanduku hilo la kuzungusha kwa mkono pamoja na santuri zake. Katika santuri hizo ilikuwako moja nzito, nyeusi, yenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe la gramafoni. Ukiitia sindano ilikwaruza kwanza kama mtu anayeparua sufuria, kisha ikatoka sauti ya mwanamke, nyembamba na kali, na nyuma yake udi na fidla. Babu alituambia kuwa huyo ndiye Siti, wala hakuongeza neno. Sisi watoto tulidhani Siti ni chapa ya santuri, kama vile kuna chapa za sabuni.

Kusema kweli hatukuipenda. Tulitaka magitaa. Tulitaka Mwenda Jean Bosco wa Katanga, na George Mukabi wa kwetu Magharibi, aliyeuawa mwaka wa 1963 nilipokuwa mwanafunzi hapa. Tulipoanza kusikia na roki ya Wamarekani katika redio za maduka ya mjini, ndipo santuri ya babu ilipowekwa chini kabisa ya nyingine zote. Sikumjua mwimbaji wake mpaka mwalimu wetu wa Kiswahili aliponiazima kitabu chembamba cha Shaaban Robert, kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad, kilichotolewa mwaka wa 1958. Nilikisoma usiku mmoja kwa taa ya chemli. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta habari zake kila nilipokwenda, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja yenyewe, na haya ndiyo niliyoyapata.

Alizaliwa kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, kiasi cha mwaka wa 1880. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, na mama yake wa asili ya Kizigua, na wote wawili walikuwa wa tabaka la watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka wa 1873, lakini kufunga soko si kufungua watu. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka wa 1897, wakati msichana huyu alipokuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Nataka msomaji alishike jina hilo, maana tutalirudia.

Shule hakusoma. Shule ya kwanza ya serikali kwa wasichana katika Unguja ilifunguliwa mwaka wa 1927, na kwa wakati huo yeye alikuwa na umri wa miaka 47 hivi. Alichojifunza ni kazi ya mama yake, nayo ni kufinyanga vyungu.

Kazi hiyo naijua kidogo, kwa kuwa mama yangu aliifanya. Watu wa mjini hudhani chungu ni udongo tu uliokaushwa. Udongo wenyewe huchaguliwa, ukachimbwa, ukakanyagwa kwa miguu, ukatolewa kila kijiwe na kila mzizi. Kisha hufinyangwa duara juu ya duara, ukalainishwa kwa kigae au gunzi, ukaanikwa kivulini siku kadhaa, maana jua la ghafula hupasua. Ndipo vyungu hupangwa na kufunikwa kwa majani na kuni, vikachomwa. Wakati wa kufukua hakuna anayezungumza. Katika vyungu kumi huenda vikapasuka vitatu, na hiyo ni kazi ya juma zima imekuwa vigae. Vilivyosalia ndivyo hubebwa kichwani kwenda sokoni, na njiani usijikwae. Mama na dada yangu walikuwa wakitoka nyumbani kabla ya mapambazuko ili wafike soko la Busia jua lisiwe kali, na siku nyingine walivuka mpaka kuingia upande wa Uganda, ambako bei ilikuwa nzuri zaidi.

Mtumwa binti Saad alitembea hivyo hivyo. Kutoka Fumba hadi mjini ni maili 10 na zaidi, naye alizipita kwa miguu na mzigo kichwani, akipita vijiji na vitongoji akinadi vyungu vyake. Na hapo ndipo habari yake ilipoanza, kwani alikuwa akinadi kwa kuimba. Watu waliizoea sauti ile kabla hawajaujua uso wake. Walioelewa mambo ya sauti waliona kuwa mwanamke huyu ana kifua cha ajabu, yaani anaweza kuimba mwendo mrefu bila kuchoka na sauti yake ikafika mbali. Nani aliyemfundisha kuvuta pumzi? Mimi nasema ni ile njia ya Fumba na ule mzigo. Hii ni dhana yangu mwenyewe, lakini aliyewahi kumsikia mama akiimba na mtungi kichwani hataikataa upesi.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Hakukaa katika majumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Alikaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, ambako walikaa makuli, mafundi, wachuuzi, na watu wengi waliokuwa watumwa au wana wa watumwa. Huko alikutana na Bwana Muhsin, mtu wa chama cha waimbaji kiitwacho Nadi Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka wa 1905, naye akakubali kumfundisha.

Hapa sina budi kueleza taarabu ya zamani ilikuwaje, kwa maana vijana wetu wa huku bara hudhani imekuwa ya wanawake tangu mwanzo. La. Taarabu ilikuwa muziki wa jumba la mfalme. Sultani Barghash, aliyetawala kutoka mwaka wa 1870 hadi 1888, ndiye aliyeipenda akaileta kutoka Misri, na alimpeleka mtu Kairo akajifunze kupiga kanuni. Iliimbwa kwa Kiarabu, na wenye vyama vyake walikuwa wanaume waungwana. Mwanamke, na tena mwana wa watumwa, na tena asiyejua kusoma, hakuwa na mahali pale isipokuwa jikoni. Huyu aliingia kwa sauti yake. Alijifunza nyimbo za Kiarabu kwa kusikia na kushika, alijifunza pia kusoma Kurani kwa sauti nzuri, na alipokuwa amekwisha kuyashika hayo akafanya jambo ambalo kwa macho yangu ndilo kubwa kuliko yote: akaimba taarabu kwa Kiswahili. Maneno yaliyokuwa yakisikiwa na wachache yakaanza kusikiwa na kuli, na mpishi, na yaya.

Wakajiunga naye wapigaji hodari, wakiwemo Subeti bin Ambari, Buda, Mbaruku na Maalim Shaaban. Hao wanaume walikubali mwanamke awe mbele. Wasomaji wanisamehe kulitaja, lakini nimekaa katika kamati nyingi maishani mwangu na sijaona jambo hilo mara nyingi. Wakawa wanaalikwa huku na huku, katika arusi za matajiri, na hata mbele ya Sultani. Ndipo watu wa Unguja walipoacha kumwita Mtumwa, wakamwita Siti, jina la heshima apewalo bibi mkubwa.

Wengine hawakupendezwa. Wakati huo mavazi yalisema asili ya mtu; kaniki, ile nguo nyeusi ya bei nafuu, ilikuwa vazi la mtumwa, na waliotoka utumwani walikuwa wakijitahidi kuivua wavae kanga na kujifunika kama waungwana wanawake. Mahasidi wakatunga ubeti wa kumsimanga Siti, ukasambaa mjini kote. Uliuliza amekuwa mtu tangu lini, ukamkumbusha ya kuwa alikuja mjini amevaa kaniki, ukasema kama si sauti yake angekuwa hana cha kula. Na kwa kuwa uso wake haukusifiwa kwa uzuri, hilo nalo halikuachwa. Siti hakulia wala hakwenda kushitaki. Alijibu kwa wimbo, akaeleza kuwa uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si kitu, na mtu hupata hasara akikosa akili. Jibu hilo likaimbwa kuliko matusi yenyewe.

Nilipofika ukurasa huo wa kitabu, usiku ule bwenini, nilikifunga kwanza.

Nina dada aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Fedha za ada hazikututosha sote. Yeye akaachishwa akiwa darasa la nne, mimi nikaendelea. Nilipokuwa nyumbani likizo moja nilijitengenezea gitaa la debe, na nyuzi zake za waya wa breki ya baisikeli. Niliporudi likizo iliyofuata nilikuta dada analipiga kuliko mimi. Alikuwa akilipiga jioni, mikono bado ina udongo wa vyungu, na vidole vyake vilikuwa na nguvu za kufinyanga. Aliweza kupiga kwa kidole gumba na cha shahada kama wale wapigaji wa Kakamega, na kuimba juu yake. Sijaona msichana mwingine wa kwetu wakati ule aliyethubutu. Ukawa mwaliko wa arusi upande wa Tororo, akaombwa apige, akapiga, na watu wakacheza.

Juma lile lile vijana wa rika langu wakatunga kawimbo. Kalisema msichana mshika gitaa hapati mume ila wa kilabuni, na mengine yasiyoandikika katika gazeti la shule. Nilijua walikotungia, kwa sababu nilikuwa nimekaa nao. Mstari wa tatu ulikuwa wangu. Nilijiambia kuwa ni mzaha, na kwamba namlinda, maana watu wangemwita malaya. Kawimbo kakafika sokoni Busia. Dada alilileta gitaa akalitundika kwenye msumari nyumbani kwangu, bila kusema kitu, na baada ya siku ile hakulishika. Hata leo sijui kama aliujua mwenye mstari wa tatu. Nadhani aliujua.

Basi turudi kwa Siti.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1928 alisafiri kwa meli pamoja na wapigaji wake kwenda Bombay, wakiitwa na kampuni ya Kiingereza ya santuri, ile yenye picha ya mbwa, ili sauti zao zitiwe katika sahani. Katika Afrika Mashariki yote hakuna mwanamke aliyetangulia kuuza sauti yake katika santuri. Msomaji afikiri kidogo juu ya chumba kile. Waimbaji hawa walikuwa wamezoea kuimba usiku kucha, wimbo mmoja ukaenda saa nzima ikiwa wasikilizaji wanatuza na wanaurudia. Sahani ya siku zile ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulikwisha kwa dakika tatu au zaidi kidogo. Mpigaji akikosea, nta iliyochorwa sauti ilikuwa haina kazi tena, huanza upya. Hapakuwa na kupaka rangi wala kuunga vipande. Kwa hiyo ilimpasa Siti achague beti, akate alichopenda, aimalize hadithi kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Aliweza. Nyimbo zilipofika Unguja na bara zilinunuliwa sana, na wakaitwa kurekodi tena. Nayo makampuni mengine yakaanza kuwatafuta waimbaji wa pwani.

Gramafoni ilifika mahali ambapo mwimbaji hafiki. Nyumba moja ilikuwa nayo, mtaa mzima ukaja kusikiliza. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kampala mwaka wa 1931, kwa njia hii yetu ya Tororo, bidhaa za pwani zilipata barabara ya kupandia mpaka huku. Watu ambao hawajaiona bahari, na ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, wakaanza kumsikia mwanamke wa Unguja akieleza mambo ya mji wake kwa lugha wanayoielewa nusu. Babu yangu, aliyezaliwa mbali sana na Fumba, alikuwa mmojawapo.

Na aliyaeleza mambo mazito. Wimbo mmoja wake mashuhuri unamhusu mtu aliyeitwa Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutembea. Muuaji alitoroka, na waliopatwa na adhabu ya sheria ni wanawake waliokuwa pamoja na yule marehemu. Watu wa Ng'ambo waliona kuwa haki imepinduliwa, lakini nani angeyasema hayo mbele ya hakimu? Aliyasema Siti, kwa udi na fidla, na santuri ikayapeleka mbali kuliko hukumu yenyewe. Mtu akiniambia kuwa zile zilikuwa nyimbo za mapenzi na arusi tu, humwuliza kama amesikia huo.

Nimesema kuwa sisi vijana tuliiacha santuri ya babu tukafuata roki. Nilikuwa mzee tayari nilipojua kuwa huko nako tulidanganyika. Tuliwajua Elvis Presley na wenziwe, vijana wa kiume wenye magitaa, tukafikiri wao ndio walioanza. Kumbe wimbo wa Hound Dog, uliompa Presley sifa mwaka wa 1956, ulikwisha kuimbwa na mwanamke mweusi, Big Mama Thornton, aliyeutia katika santuri mwaka wa 1952. Na kabla yake alikuwako Rosetta Tharpe, aliyezaliwa mwaka wa 1915 katika jimbo la Arkansas, mwimbaji wa nyimbo za dini aliyepiga gitaa la umeme kwa namna ambayo vijana wale waliiga baadaye. Santuri zake za kwanza ni za mwaka wa 1938, miaka 10 baada ya Siti kwenda Bombay. Tharpe alifariki mwaka wa 1973 na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe la jina. Nyumba ya kumbukumbu ya wakuu wa roki huko Marekani ilimwingiza mwaka wa 2018, yaani miaka 45 baada ya kufa.

Siti hakupiga gitaa, wala sitaki kumvika kanzu isiyo yake. Lakini naona wanawake hawa walipita njia moja. Walifungua mlango, wanaume wakaingia kwa wingi, kisha tulioingia nyuma tukauliza iwapo wanawake wanaruhusiwa humu ndani. Kwetu huku, tangu mpakani hadi Kakamega, nimesikia majina ya wapiga gitaa wanaume zaidi ya ninavyoweza kuyahesabu, na kila mmoja wao alitumaini sauti yake itatiwa katika santuri ya Kiswahili. Sikumbuki hata mmoja aliyetaja kuwa mlango huo ulifunguliwa na muuza vyungu.

Huko Unguja hakusahauliwa hivyo. Alipozeeka, Shaaban Robert alimwendea, akamsikiliza akieleza maisha yake, ndipo akaandika kile kitabu. Jambo hilo si dogo: mshairi mkubwa wa lugha, ambaye angeweza kuandika habari za sultani yeyote, alichagua mwanamke asiyejua kusoma. Siti hakukiona kitabu. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, kikatoka miaka minane baadaye. Wanafunzi wengi wa Tanganyika, na baadaye wa Tanzania, walikisoma, na wanawake waandishi wa habari wa nchi hiyo walipoanzisha gazeti lao katika miaka ya 1980 waliliita Sauti ya Siti. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alizishika nyimbo za Siti tangu utoto wake na kuziimba mpaka alipofariki mwezi wa Aprili mwaka wa 2013. Niliwahi kumsikia Bi Kidude akiimba, mzee, mwembamba, ngoma mapajani, na ile sauti ikanirudisha moja kwa moja chini ya paa la babu yangu, kwenye ule mkwaruzo wa mwanzo.

Katika maisha yake jambo moja hunishangaza kuliko Bombay na kuliko jumba la Sultani. Jina la Siti alipewa na watu. Lile la Mtumwa nalo alikuwa amepewa. Kati ya majina hayo mawili alikuwa mtu yule yule, mwenye kifua kile kile, aliyejua udongo upi unapasuka na upi unavumilia moto. Hakuficha alikotoka. Walipomkumbusha kaniki yake hakudai kuwa hakuivaa.

Mwaka jana tuligawana vitu vya nyumba ya zamani, na gramafoni ikaniangukia mimi. Springi yake ilikuwa bado nzima. Sindano nilizitafuta Kisumu na Kampala bila kuzipata, hata fundi mmoja wa saa akanichongea moja. Nikaichukua gramafoni pamoja na ile santuri nzito, nikaenda nazo Busia kwa dada. Sasa ni bibi mwenye vitukuu, ameacha kufinyanga kwa ajili ya magoti, lakini kibanda chake cha vyungu kingali sokoni na mjukuu wake ndiye anayekaa humo. Nilimweleza habari zote nilizoziandika hapa, za Fumba, za maili 10, za kaniki na za ule ubeti wa mahasidi. Kisha nikamweleza habari za mstari wa tatu. Ilinichukua miaka 60 kuutamka.

Dada hakunijibu. Aliniashiria nizungushe mkono wa gramafoni. Tukasikiliza upande mmoja mpaka sindano ikafika katikati ikaanza kukwaruza, na vidole vyake viwili, gumba na cha shahada, vilikuwa vikigonga juu ya goti. Ilipokwisha akaniambia nigeuze upande wa pili.